Masika Nyamvula Alipokuwa Kwao

Changamwe, Jumanne, 30 Machi 1948

Mke wangu Nyamvula aliondoka jana, Jumatatu ya Pasaka, mchana kweupe. Alimwogesha Nyevu, akamlisha, akamlaza mkekani kando ya cherehani yangu. Kisha akafunga kifurushi chake cha nguo, akaja kusimama mbele yangu. Nilikuwa nikitia vifungo kwenye shati la mteja.

"Baba Nyevu, nimechoka," akasema. "Nakwenda kwa mama, Rabai."

Nikamuuliza atarudi lini, akasema hajui. Nikamuuliza amechoka na nini, maana hapa Changamwe hana shamba analolima wala gunia analobeba. Akainama akamgusa mtoto mguu, akashika njia ya kwenda kwenye basi. Sikumfuata. Nilidhani ataishia kwa Mueni, jirani yetu, akae hasira zimtoke, arudi kupika.

Hakurudi. Naandika haya kwa sababu humu ndani hakuna mtu mzima wa kuzungumza naye. Nyevu ana miaka minane na ndiye mtoto wetu pekee. Hatembei, hasemi, shingo yake haijakaza sawasawa, na kifafa humshika mara kwa mara. Kumtunza ilikuwa kazi ya mamake, yangu ilikuwa kushona. Ndivyo tulivyoishi, na sikusikia lalamiko mpaka jana.

Jumatano, 31 Machi

Nimeunguza uji. Nyevu hakulala, nami sikulala.

Ijumaa, 2 Aprili

Dada yangu Rispa amekuja kutoka Mikindani. Yeye ni mkubwa wangu, tena kiongozi wa akina mama kanisani, na habari zilimfikia kabla sijamwita. Nilifurahi kumwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akiangalia masufuria na sakafu, kisha akasema kwamba mwanamke anayemwacha mtoto kama huyu amemwacha Mungu pia. Nikakubaliana naye. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Nyevu akaomba kwa sauti kubwa. Mtoto akashtuka, mikono ikamkakamaa, akalia mpaka Rispa alipoaga.

Ameacha samaki wa kukaanga. Nimewala nikiwa nimesimama.

Jumapili, 4 Aprili

Sikwenda kanisani. Ningemwacha na nani?

Jumatano, 7 Aprili

Sikujua kwamba kumlisha ni kazi. Nilikuwa nikiuona mgongo wa Nyamvula tu, ameinama, bakuli mkononi, nami nikadhani anapoteza wakati. Kumbe lazima umpakate, kichwa chake ukikiegemeza kwenye mkono wako, kijiko ukiingize kwa pembeni, halafu ungoje ameze. Usipongoja anapaliwa. Akipaliwa anatapika, na unaanza upya na uji uliokwisha kupoa.

Leo mteja alikuja kuchukua suruali yake akasimama barazani akinitazama mpaka uji ukaisha. Suruali haikuwa tayari. Aliondoka bila kusema neno, na afadhali angesema.

Jumamosi, 10 Aprili

Mueni amekuja. Ni mwanamke wa Kikamba, mumewe anafanya kazi ya reli, na mlango wao unatazamana na wetu hapa uani. Alitaka nimpe Nyevu akae naye hadi jioni ili nimalize kushona. Nikamshukuru, nikakataa. Mtoto wetu si wa kuzungushwa majumbani watu wamtazame. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwambia Nyamvula, na ndivyo nilivyomwambia Mueni.

Akasema pia kwamba si desturi mwanamume kumwogesha binti yake. Nikamuuliza, basi nani amwogeshe? Alichukua ndoo yangu akaenda kunijazia maji.

Nimemwona ni mwanamke mdadisi. Lakini maji niliyatumia.

Jumatano, 14 Aprili

Masika yameanza. Mvua imekuja kwa kishindo kutoka upande wa bahari ikaigeuza njia yetu kuwa matope matupu. Nimeitoa cherehani barazani nikaiingiza ndani. Sasa tuko chumba kimoja, mimi, mtoto na cherehani.

Jumamosi, 17 Aprili

Mvua. Vitambaa vya Nyevu havikauki. Nimevikausha kwa pasi ya mkaa, kimoja kimoja, chumba kikajaa mvuke na harufu ya mkojo. Nikikausha vinne, vitano vimeshalowa. Nimekata vingine kutoka kwenye kitambaa cha merikani nilichokuwa nimekiweka kwa kazi nyingine.

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua.

Jumanne, 20 Aprili

Mvua. Mgongo unauma.

Ijumaa, 23 Aprili

Asubuhi nilipokuwa nikimwinua Nyevu kutoka mkekani, maumivu yalinichoma kiunoni nikashindwa kunyooka. Nilikaa sakafuni naye mapajani hadi yalipopungua. Si mtoto mdogo tena, na mwili wake hausaidii kitu unapombeba. Ni kama kubeba nguo zilizolowa maji.

Mueni aliniona nikitembea kwa kuinama uani. Akaniletea kanga yake kuukuu akaniambia nijifunge kiunoni kwa nguvu kabla ya kumwinua mtoto, tena nipige magoti kwanza. Nikamuuliza alijifunza wapi. Akasema kwa Nyamvula.

Ile kanga mke wangu aliyokuwa akishinda nayo kiunoni, nami nikimwambia aifungue wageni wakija kwa sababu haipendezi, kumbe ilikuwa ya mgongo. Hakuniambia. Au aliniambia nami nilikuwa nashona.

Jumatano, 28 Aprili

Mwanamke anayetuletea nazi kutoka Rabai amepita. Alisema Nyamvula anamsalimu mtoto. Mimi hakunitaja. Nikamuuliza mke wangu anashughulika na nini huko kwao. Akasema, "Analala. Kila nikipita naambiwa amelala."

Nilikasirika mpaka nikakosea kukata mkono wa shati. Mimi sijalala usiku mmoja mzima tangu Pasaka, na yeye amelala.

Ijumaa, 30 Aprili

Jambo moja zuri lazima niliandike. Nimegundua kwamba Nyevu anapenda mlio wa cherehani. Nikikanyaga polepole ananyamaza na kusikiliza. Nikiharakisha anacheka, kicheko chake kile cha kuvuta pumzi ndani. Leo nilikanyaga bila kitambaa chochote kwenye sindano, kwa ajili yake tu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtoto huyu anacheka.

Jumanne, 4 Mei

Rispa amekuja na mwavuli wake mweusi na furushi la kitambaa cheupe. Kwaya inataka kanzu mpya kwa Pentekoste, na amewaahidi kwamba ndugu yake atazishona. Nilitaka kumwambia siwezi. Nikasema sawa, dada. Yeye ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na sijapata kumwambia siwezi.

Jumamosi, 8 Mei

Kifafa kilimshika Nyevu asubuhi, kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nilimlaza ubavu nikamwondolea kigoda kisimuumize, nikangoja. Kilipomwachia akalala mchana kutwa mkono wangu ukiwa chini ya shavu lake. Niliogopa kuuondoa. Sikushona hata pindo.

Jumatatu, 10 Mei

Mvua. Kanzu bado nyingi.

Jumatano, 12 Mei

Nimemjibu mteja vibaya. Mzee wa watu alikuja kuuliza koti lake, nami nikamwambia kama ana haraka ashone mwenyewe. Alipokwenda nilijiona kwenye kioo ambacho wateja hujitazamia. Macho mekundu, ndevu, shati la siku tatu. Nilikaa nikamtazama mtu yule. Sikuwa na hata hamu ya kunawa uso.

Alhamisi, 13 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mvua haikukatika tangu juzi. Nyevu alianza kulia kabla sijawasha moto, na sikujua analilia nini. Nilimbadilisha, nikamlisha, nikampakata, nikamlaza, nikamwinua tena. Nilikanyaga cherehani ajifurahishe, hakuusikia mlio wake. Kilio chenyewe si kikubwa. Ni sauti moja nyembamba inayokwenda na kurudi, na haina mahali pa kupumzika.

Kanzu zilizokwisha nilikuwa nimezikunja juu ya kiti, nyeupe, zimepigwa pasi. Mchana nikampakata nimlishe huku jicho langu liko kwenye kazi. Nadhani nilimharakisha. Akapaliwa, akatapika, na uji ukaruka ukamwagika juu ya kanzu.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimemshika mabega yote mawili, namtikisa, kichwa chake kinakwenda mbele na nyuma, nami namwambia nyamaza, nyamaza, nyamaza. Akanyamaza. Ule unyamavu ndio ulionirudisha. Alikuwa akinitazama. Watu husema Nyevu hamtazami mtu, lakini leo alinitazama mimi.

Nikamlaza mkekani taratibu, nikatoka nje bila viatu, nikasimama uani mvua ikininyeshea. Niliogopa kurudi ndani. Mimi baba yake.

Mueni alikuwa mlangoni kwake akipeta mchele. Akaweka ungo chini, akaja. Alipita kando yangu akaingia ndani, akatoka na Nyevu begani, amemfunika kwa kitambaa. "Leo anakaa kwangu," akasema. "Wewe ingia ulale."

Nikasema, "Mueni, nimemtikisa mtoto."

"Nimesikia," akasema. "Ingia ulale."

Nililala juu ya vipande vya nguo sakafuni, na nguo zangu zimelowa. Niliamka jioni, nikadhani ni asubuhi ya siku nyingine.

Ijumaa, 14 Mei

Mueni alimpapasa Nyevu shingo na mabega leo tena, akanionyesha. Anageuza kichwa kama kawaida, anakula, halii akiguswa. Namshukuru Mungu, ingawa naona haya kumshukuru kwa jambo hilo.

Nilimuuliza Mueni kwa nini anatusaidia, na mimi nilimkatalia. Akaendelea kumkanda mtoto miguu kwa mafuta ya nazi, akasema kwamba Nyamvula alikuwa akienda kwake kila mchana Nyevu akisinzia. Anaketi jikoni, hasemi neno, hanywi hata maji. Anakaa kidogo tu, anainuka, anarudi. Mueni alimwambia amlete mtoto siku moja, ili yeye Nyamvula apate kulala. Akajibu, "Baba yake hapendi."

Nilikwenda kufua zile kanzu.

Jumapili, 16 Mei

Pentekoste. Nimesikia kwamba kwaya imeimba nusu yao wana kanzu mpya na nusu wana nguo zao za kawaida.

Jumatatu, 17 Mei

Rispa alikuja, na hakuja kunisalimia. Alisema nimemwaibisha mbele ya mchungaji. Alisema mambo haya hayawezi kuendelea. Nyevu apelekwe Kaloleni kwa shangazi yetu, mwanamke mzee asiye na kazi nyingi, nami nitafute mke mwingine, kwa kuwa huyu amekwisha kunikimbia. Alisema yote kwa utulivu, kama mtu aliyeyafikiria njia nzima. Naamini alikuwa ananionea huruma.

Nikamwambia ya Alhamisi. Nilimwambia bila kupunguza. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani.

"Dada," nikasema, "mimi sihitaji mke mwingine. Nahitaji Jumanne mchana."

Hakunielewa. Nikamweleza kwamba Mueni atamchukua Nyevu Jumamosi, na kama yeye atakuja Jumanne baada ya chakula akae naye, mimi nitalala au nitashona bila kuinuka, na sitafika tena pale nilipofika. Nikamwambia maombi yake nayataka pia, ila aombe kwa sauti ndogo, mtoto anashtuka.

Aliinuka, akafungua mwavuli wake akiwa bado ndani ya nyumba, akaenda. Sijawahi kusema naye hivyo tangu nizaliwe.

Jumanne, 18 Mei

Rispa hakuja. Mvua.

Jumamosi, 22 Mei

Leo nimekwenda Rabai. Mueni alimchukua Nyevu mapema. Nilisimama mlangoni kwake nikimwagiza hili na lile, kwamba anywe maji kwa kijiko, kwamba alale ubavu wa kulia, mpaka akaniambia basi litaniacha. Basi lilitufikisha Mazeras, na kutoka hapo nikapanda kwa miguu, viatu mkononi, njia yote ni utelezi.

Niliondoka nyumbani na maneno yangu tayari. Nilikusudia kumwambia Nyamvula kwamba sasa imetosha, kila mtu amechoka, arudi.

Mama mkwe wangu, Mama Kahaso, alikuwa barazani akichambua mchicha. Tukaamkiana. Nikamuuliza Nyamvula yuko wapi, akasema amelala, na jua limeshapanda. Nikataka kuinuka. Akasema, "Usimwamshe, mwanangu. Wiki za kwanza alikuwa akilala kama mgonjwa, anaamka analia, anakula kidogo, analala tena. Sasa analala kama mtu. Mwache amalize."

Nikangoja. Akanipa ugali na mchicha wa nazi, akaketi karibu yangu nikila. Ni chakula cha kwanza tangu Pasaka nilichokila nimeketi mpaka kikaisha.

Nyamvula alipotoka hakushangaa. Amenenepa kidogo, na uso wake una kitu ambacho sikukitambua mara moja. Baadaye nikajua ni ule uso wa zamani, kabla ya Nyevu. Tulikwenda kukaa nyuma ya nyumba, ambako mama asingetusikia.

"Umekuja kunichukua?" akauliza.

"Nilikuja kukuchukua," nikasema. "Sasa sijui."

Akauliza habari za mtoto. Nikamwambia anakula, mara nyingi kwa Mueni. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema yale ambayo hakuyasema siku ile aliyoondoka.

"Ijumaa Kuu wewe ulikuwa kanisani. Alilia tangu ulipotoka. Nikachukua kanga nikamfunika uso, nisimwone tena. Nikaenda nikasimama mlangoni. Nikamsikia anavyotafuta pumzi, na miguu yangu haikutaka kurudi. Nilirudi, Baba Nyevu, nikamfunua. Lakini nikajua kwamba siku nyingine huenda nisirudi. Nikaona bora nimwache na wewe akiwa hai."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia nimechoka," akasema.

Ni kweli. Aliniambia, na mimi nikamuuliza habari za shamba na magunia.

Nikamwambia ya Alhamisi, kutikisa, mvua, Mueni. Nilidhani atanilaumu. Aliniuliza jambo moja tu, kama shingo yake haikuumia. Nikasema haikuumia. Tukakaa pale, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikuwa peke yangu.

Jua lilipogeuka nikainuka. Nikamwambia akae mpaka ashibe usingizi, asirudi kwa ajili ya watu wala kwa ajili yangu. Alinisindikiza hadi mwisho wa minazi ya mama yake.

Niliporudi Nyevu alikuwa amekula na kulala. Mueni akasema mtoto alilia mchana, hajui alimlilia nani, akanyamaza mwenyewe.

Jumanne, 25 Mei

Rispa amekuja. Alikuja baada ya chakula, akaweka mwavuli pembeni, akavua viatu. Nikaingia chumbani kwa Mueni, ambaye alikuwa sokoni na ameniachia ufunguo, nikalala.

Nilipotoka niliwakuta wote wawili mkekani, Rispa ameegemea ukuta, Nyevu kichwa chake mapajani mwake, na dada yangu amelala mdomo wazi. Blauzi yake ya kanisani imejaa uji. Sikuwaamsha.

Alipoamka alijifuta, akasema, "Nyamvula alikuwa akifanya hivi kila siku?"

Nikasema kila siku. Akavaa viatu vyake polepole sana.

Ijumaa, 28 Mei

Mvua. Nimenyoa ndevu.

Jumanne, 1 Juni

Rispa amekuja. Nimelala.

Jumamosi, 5 Juni

Mueni amechukua zamu yake. Sikushona. Nilikwenda kwa yule mzee wa koti, nikamwomba radhi, nikampelekea koti lake. Akanikaribisha chai. Tulizungumza habari za kazi na za masika haya yasiyokwisha, na nilitambua kwamba tangu nimeketi sijamtaja Nyevu hata mara moja. Kwanza niliona vibaya. Halafu nikaomba kikombe kingine.

Jumamosi, 12 Juni

Amerudi. Hakutuma habari. Nilisikia sauti yake uani akisalimiana na Mueni, nikabaki na mkasi hewani.

Nyevu alikuwa mkekani. Nyamvula akapiga magoti, akamwita jina lake. Mtoto akageuza uso upande wa ukuta. Akamwita tena, akamshika mkono. Mkono ukalegea tu mkononi mwake. Nyamvula hakulia mbele yetu. Alisema, "Ana haki," akainuka akaenda kuangalia kama kuna kuni.

Baadaye aliniambia kwamba amerudi lakini hatarudi kuwa kama alivyokuwa. Jumanne na Jumamosi zibaki. Mimi nimlishe mtoto asubuhi, yeye jioni. Na siku akisema amechoka, nisimuulize amechoka na nini. Nikakubali yote. Nikamwambia mimi pia siku nikisema hivyo asiniulize. Akacheka kidogo.

Jumatatu, 14 Juni

Nyevu bado hamtazami. Anakula kwangu na kwa Mueni. Kwa mamake anafunga mdomo. Nyamvula anaweka bakuli chini, anangoja, anajaribu tena. Anarudia mpaka uji unaganda.

Alhamisi, 17 Juni

Amekula vijiko vichache mkononi mwa mamake. Nyamvula alikuja akasimama nyuma ya kiti changu akaweka mkono wake begani kwangu mpaka nilipomaliza mshono.

Jumanne, 22 Juni

Leo Rispa na Nyamvula wamekutana kwa mara ya kwanza. Nilitaka kutoka niwaache, nikakosa kisingizio. Rispa alisema, "Wifi, nilikusema vibaya kwa watu." Nyamvula akajibu kwamba alijua. Rispa akasema atakwenda kuwaambia watu wale wale mengine. Kisha akavua viatu akampokea mtoto.

Jumapili, 27 Juni

Mvua imepungua. Tumekwenda kanisani kwa zamu, mimi ibada ya kwanza, yeye ya pili.

Ijumaa, 2 Julai

Kifafa tena, mara mbili. Tumechoka wote. Nyamvula amesema amechoka, nami sikumuuliza. Nikamchukua mtoto.

Jumamosi, 10 Julai

Mueni alimchukua Nyevu baada ya chakula akasema tusionekane kabla ya jioni. Tulitazamana mimi na mke wangu kama wageni waliokutana kwenye basi. Ukiacha siku ile ya Rabai, tulikuwa hatujakaa wawili peke yetu tangu mtoto azaliwe, na kwanza hatukuwa na la kuzungumza. Nyamvula akaanza kukunja nguo. Nikamwambia aziache, tutoke.

Tukatembea kuelekea Makupa, pasipo sababu ya kwenda huko. Njiani mikono yangu haikujua ikae wapi. Nilikuwa nimezoea kubeba. Nyamvula naye, nikamwona anajigusa kiunoni pale mahali pa kanga. Akaniuliza nilikuwa nikila nini wakati yeye hayupo, nikamweleza habari za uji ulioungua na wali uliokuwa mbichi ndani na mkaa nje, akacheka mpaka akashika mti. Nikamuuliza alikuwa akiota nini usingizi wote ule. Akasema hakuota chochote, na hilo ndilo lililokuwa tamu.

Tulikaa juu ya jiwe tukaangalia maji ya bahari yakipwa. Nilipogeuka alikuwa amesinzia ameketi, kichwa kimelalia bega langu. Bega lilikufa ganzi nikaliacha vivyo hivyo.

Jua lilipoanza kushuka tukarudi. Hatukuharakisha. Tulipofika uani tulimsikia Nyevu ndani kwa Mueni, anacheka kile kicheko chake cha kuvuta pumzi ndani, na Mueni anaimba Kikamba na kupiga sufuria. Niliinua mkono nibishe. Nyamvula akanishika mkono wa shati.

"Ngoja kidogo," akasema.

Tukasimama nje ya mlango, tumeegemea ukuta, tunamsikiliza mtoto wetu akifurahi bila sisi. Matone yakaanza kuanguka, machache, makubwa. Hatukubisha mpaka tulipolowa.